Mofini ya maji nyumbani: kuipima, kuipangia saa na kuitunza

Mgonjwa wa saratani akizidiwa na maumivu usiku, katika mtaa wa Nairobi kama Kayole au Kangemi, wa kwanza kutoa ushauri huwa ni jirani: kuna mafuta ya bangi, kuna biskuti zake, kuna mtu anayeweza kuzileta. Na mara nyingi dawa halali yenye nguvu ya kutosha imeshaandikwa kwenye kadi ya mgonjwa huyo, iko kabatini, haijaguswa. Watu wa nyumbani wanaiogopa. Dawa hiyo ni mofini ya maji, na bangi tutaifikia chini.

Haya ni maelezo kwa anayemuuguza mtu ambaye daktari amekwisha kumwandikia mofini. Dozi ya mgonjwa wako ni ile ya kwenye kadi yake. Hesabu zilizo hapa ni za kukuonyesha namna ya kupima na kukagua, wala si za kunakili.

Kwenye dirisha la famasi

Mofini hufika katika hospitali nyingi ikiwa unga, na wafamasia huuchanganya na maji hapo hapo. Nguvu mbili ndizo zinazotumika sana. Ya kwanza ina miligramu 1 katika kila mililita 1, na lebo yake inaweza kusoma 5 mg/5 ml. Ya pili ina miligramu 10 katika kila mililita 1, yaani 50 mg/5 ml. Chupa hizo mbili zinaweza kufanana kabisa, ilhali moja ina nguvu mara kumi ya nyenzake.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mgonjwa aliyezoea kupewa 5 ml kutoka chupa hafifu, yaani 5 mg, akipimiwa 5 ml zile zile kutoka chupa kali amemeza 50 mg. Kwa hiyo kabla ya kuondoka dirishani mwambie mfamasia aandike kwenye lebo mambo mawili kwa kalamu inayoonekana: miligramu ngapi na mililita ngapi kwa kila dozi. Nyumbani, kila unapoletewa chupa mpya, linganisha lebo yake na ya chupa inayokwisha kabla ya kumpa mgonjwa tone. Usifuate rangi. Kuna mahali dawa hutiwa rangi ili kutofautisha nguvu, lakini rangi ya kituo kimoja si sheria ya kituo kingine.

Kagua pia kama chupa itafika siku ya miadi. Mtu wa 5 mg kila baada ya saa nne hutumia 30 mg kwa siku. Kwa dawa ya 1 mg/ml hiyo ni 30 ml kwa siku, au 420 ml kwa wiki mbili, bila kuhesabu dozi za ziada. Ukipewa 300 ml na miadi iko baada ya wiki mbili, sema pale pale. Mofini haiuzwi kiholela kwenye kemisti wa mtaani, kwa hiyo ikikwisha Ijumaa jioni huenda mgonjwa akakaa hadi Jumatatu bila dawa. Zikisalia siku tano, anza kupanga safari ya kuongeza.

Omba na sirinji mbili, zisizo na sindano: ya 5 ml na ya 1 ml. Ile ndogo ni ya lazima ukipewa dawa kali, kwa kuwa 5 mg za chupa hiyo ni nusu mililita tu, na nusu mililita haipimiki kwa kitu kingine chochote cha nyumbani. Kijiko cha chai usikitumie kabisa. Kimoja hubeba 3 ml, kingine 7 ml, na vyote vinaitwa vya chai.

Kupima

Nawa mikono. Tikisa chupa taratibu, mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi na kikavu, kisha vuta kwa sirinji kidogo kupita alama unayoitaka. Elekeza ncha juu, gonga kwa kidole ili povu lipande, sukuma hewa itoke hadi ukingo wa juu wa mpira uguse alama. Mpe mgonjwa akiwa ameketi, au mwinue kichwa kwa mito miwili, ukielekeza ncha ndani ya shavu na kusukuma polepole. Ukimrushia kooni atapaliwa.

Dawa ni chungu. Anaweza kuifuatishia juisi au uji, haidhuru kitu, na hailazimiki kumezwa na chakula. Kilichobaki kwenye kikombe usikirudishe kwenye chupa, na usiongeze maji ndani ya chupa ili "isikwishe upesi". Ukifanya hivyo hakuna tena anayejua nguvu yake. Mtu asinywe kwa mdomo wa chupa. Ukiona utando au vitu vinavyoelea, dawa imeharibika, irudishe ubadilishiwe.

Baadhi ya wagonjwa wa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni) wana mrija wa kulishia tumboni. Mofini ya maji hupita humo vizuri: sukuma maji safi 20 ml, halafu dawa, halafu maji 20 ml tena ili isibaki kwenye mrija. Lakini kama daktari ametoa vidonge vya mofini vinavyofanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili, hivyo havisagwi wala kutafunwa kamwe. Vimetengenezwa viachie dawa kidogo kidogo. Ukivisaga, dozi ya nusu siku inaingia kwa mara moja.

Saa

Lugha yetu ina mtego hapa. Muuguzi akisema "mpe kila saa nne", kuna atakayesikia saa nne asubuhi na saa nne usiku, akampa mara mbili kwa siku na kushangaa kwa nini mgonjwa analia. Maana yake ni kila baada ya saa nne. Mofini ya maji huanza kutuliza ndani ya nusu saa hivi, hufika kileleni baada ya muda wa saa moja hivi, na baada ya saa nne imeshapungua. Ratiba inayofuatwa sana ni hii: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Dozi ya saa nane usiku huachwa watu walale, na badala yake madaktari wengi huruhusu ile ya saa nne usiku iwe maradufu. Fanya hivyo kama imeandikwa kwenye kadi tu, si kwa kukisia, na hasa si kwa mzee sana au mwenye figo mbovu. Hao huanzishiwa dozi ndogo, pengine 2.5 mg, na hupewa kwa nafasi ndefu zaidi ya saa nne.

Weka kengele tano kwenye simu na ubandike karatasi ukutani yenye safu tatu: saa, kiasi, na maumivu kwa vidole. Mgonjwa akikuonyesha kidole kimoja ni maumivu kidogo, mkono mzima ni yale asiyoyaweza. Daktari akiiona karatasi hiyo ya siku saba anapata zaidi ya anachopata kwa kuuliza "anaendeleaje".

Kosa ambalo huvunja mpango mzima ni kungoja maumivu yarudi ndipo umpe, kwa nia njema ya "kutomzoesha". Maumivu yaliyokwisha kupanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha kuliko ile ambayo ingeyazuia. Dawa hutangulia maumivu. Mgonjwa akiwa ametulia saa nane mchana, bado anapewa dozi ya saa nane. Akiwa amelala usingizi wa kawaida, mwamshe anywe; asipoamka sawasawa, usimpe, soma sehemu ya hatari hapa chini.

Maumivu yanaweza kuchomoza katikati ya dozi mbili, kwa mfano anapogeuzwa, kuogeshwa au kusafishwa kidonda. Kwa hayo kuna dozi ya ziada, ambayo kwa kawaida hulingana na dozi yake moja ya kila baada ya saa nne. Iandike kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, kisha dozi ya ratiba iende kwa saa yake kama kawaida. Kama unajua utamwogesha, mpe nusu saa kabla.

Dozi za ziada ndizo zinazomwongoza daktari kupandisha. Tuseme mtu yuko kwenye 5 mg mara sita (dozi ya usiku iliyo maradufu huhesabiwa mbili), 30 mg kwa siku, na jana alihitaji ziada nne za 5 mg. Jumla ni 50 mg. Zigawe kwa sita, unapata zaidi kidogo ya 8 mg kwa kila dozi. Hesabu hiyo ifanye, mpigie muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito), umsomee, usipandishe mwenyewe. Huenda akakuuliza jambo usilolitarajia: maumivu yakoje? Yale ya kuchoma kama pilipili au kupiga kama umeme ni ya neva, na mofini peke yake huyapunguza nusu nusu. Kidonge kidogo cha amitriptilini usiku kinaweza kufanya kilichoshindwa na mofini mara tatu. Maumivu ya mfupa hutaka dawa ya kundi la ibuprofeni, kama figo na tumbo vinaruhusu, au mionzi, ambayo kwa mfupa unaouma mara nyingi hutolewa mara moja tu. Parasetamoli haiachwi kwa sababu mofini imeanza. Inayoachwa ni tramadoli na kodeini, kwa kuwa ziko ukoo mmoja na mofini.

Dozi iliyosahaulika hupewa ikikumbukwa, kisha unahesabu saa nne kuanzia hapo. Usirundike mbili pamoja. Akitapika dakika chache baada ya kumeza na dawa ikaonekana wazi kwenye matapishi, mpe tena mara moja. Ikiwa imepita nusu saa, au una shaka, ngoja.

Choo, jambo ambalo watu hulionea haya

Kichefuchefu cha mofini huja siku za mwanzo na kwa wengi huondoka ndani ya wiki; daktari anaweza kutoa metoklopramidi kwa siku hizo. Usingizi wa mchana nao hupungua baada ya siku mbili tatu, na sehemu yake ni deni la usiku nyingi za kukesha na maumivu. Kufunga choo hakuondoki. Mwili haukuzoei, hata mwaka upite. Kwa hiyo dawa ya choo huanza siku ile ile mofini inapoanza, na huachwa siku mofini inapoachwa.

Inayotolewa sana ni bisakodili, kidonge cha 5 mg, kimoja au viwili usiku, kwa kuwa huchukua saa sita hadi kumi na mbili kufanya kazi. Kidonge hiki kimevikwa ganda ambalo linapaswa kupasukia kwenye utumbo. Maziwa huliyeyusha mapema, tumboni, na matokeo yake ni msokoto na kichefuchefu. Nairobi ambako chai ni ya maziwa na dawa zote humezwa na chai, kosa hili ni la kila nyumba. Kimezwe na maji, kizima, na chai ingoje angalau saa moja. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo nazo zisiende nacho pamoja.

Papai, maji na uji husaidia. Katika hospisi (vituo vya tiba shufaa) za Afrika Mashariki wagonjwa hushauriwa pia kutafuna mbegu za papai zilizokaushwa, kuanzia tano, wakati wa usiku. Pumba na vyakula vya nyuzi nyingi usimsukumie mtu asiyeweza kunywa maji ya kutosha, kwani hugeuka donge.

Siku tatu bila choo ni sababu ya kupiga simu. Na kuna hali moja inayowadanganya hata watu makini: choo kimefunga siku sita, halafu ghafla kinatoka kimajimaji, kidogo kidogo, kikichafua nguo. Wengi husema "sasa anaharisha" na kuacha dawa ya choo. Mara nyingi ni maji yanayopenyeza kando ya donge lililoziba. Mgonjwa huyo anahitaji kukaguliwa na kuzibuliwa, si dawa ya kuzuia kuharisha. Ila kama tumbo limevimba, anatapika na hata hewa haipiti, usimpe dawa ya choo ya aina yoyote. Huenda utumbo umeziba, mpeleke hospitali.

Hatari ikoje

Mofini iliyopimwa na kupandishwa polepole kwa kawaida haisimamishi pumzi ya mtu mwenye maumivu. Kinacholeta balaa ni chupa kupishana, kuchanganya na pombe, diazepamu au dawa nyingine za usingizi, au figo kushindwa kuitoa.

Hilo la figo lina uzito kwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu uvimbe unaweza kubana mirija inayoshusha mkojo. Mkojo hupungua, mabaki ya mofini hurundikana mwilini, na dozi ile ile iliyofaa mwezi mzima inakuwa nyingi. Dalili huanza kimya: mikono au miguu kurukaruka, kuona wadudu ukutani, kuchanganyikiwa, kusinzia katikati ya sentensi. Ukiona hayo, au mkojo umepungua sana, piga simu siku hiyo hiyo kabla ya dozi inayofuata. Kuharisha na kutapika kwingi kunakokausha maji mwilini kunaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Ikiwa hawezi kuamshwa kwa kuitwa na kutikiswa begani, hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Chini ya nane kwa dakika, au mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini na midomo inabadilika rangi, ni dharura. Usimpe dozi. Mlaze ubavu, endelea kumwita na kumtikisa, mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa na karatasi ya ukutani. Huko wana naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, ambayo hufanya kazi kwa muda mfupi kuliko mofini yenyewe, hivyo usikubali kurudi naye nyumbani dakika kumi baada ya kuzinduka.

Kwa mgonjwa aliye katika siku za mwisho, pumzi hubadilika zenyewe kwa sababu ya ugonjwa: hukatika, zikarudi, zikakatika. Waulize mapema wahudumu wa tiba shufaa mtafanya nini ikifika hapo. Mazungumzo hayo hayafanyiki vizuri saa nane usiku.

Kuhusu uraibu, ambao ndio hofu ya shangazi na wajomba wote: mwili ukizoea dawa si sawa na mtu kuitamani. Mwili huzoea, ndiyo maana mofini haikatwi ghafla. Ikikatwa, mtu hutoka jasho, huharisha na kukosa utulivu. Mionzi ikipunguza maumivu, daktari huishusha hatua kwa hatua kwa siku kadhaa.

Sasa bangi

Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994 inaipiga marufuku, na Kenya haina mpango wa kuwaandikia wagonjwa bangi. Daktari wako hawezi kukuandikia, na cheti cha ugonjwa hakikuokoi mikononi mwa polisi. Nchi nyingine zina dawa zilizotokana na mmea huu: Marekani iliidhinisha mwaka 2018 dawa ya kanabidioli (kemikali mojawapo ya bangi) kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto, na kuna vidonge vya kuzuia kutapika kunakoletwa na kemotherapi. Kwa maumivu ya saratani, majaribio makubwa ya dawa ya kupulizia mdomoni iliyotokana na bangi hayakuonyesha kwamba inaishinda dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Kuponya saratani yenyewe hakujathibitishwa.

Walakini watu hutumia, na mgonjwa anayeificha yuko hatarini kuliko anayesema. Mwambie daktari ni nini, kiasi gani, na saa ngapi. Kazi yake ni kukutibu, si kukushtaki. Anahitaji kujua kwa sababu bangi juu ya mofini huongeza usingizi, kizunguzungu na kuanguka. Biskuti ndizo husumbua zaidi: huchukua saa moja hadi mbili kuanza, mtu akadhani haikushika, akala ya pili, halafu zote zinamfikia pamoja na dozi ya jioni. Mafuta ya chupa isiyo na lebo hayana kipimo kinachojulikana. Kanabidioli huingiliana na wafarini ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za kifafa. Aliye kwenye kemotherapi asivute kabisa, kwani majani hubeba kuvu, na mapafu ya mtu mwenye kinga dhaifu hayawezi kupambana nayo.

Kutunza na kusafiri

Nyumba ya mabati huwa tanuri mchana. Chupa ikae chini, kivulini, mbali na jiko na dirisha, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana. Watoto ndio wa kwanza kufikiriwa: dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto mdogo. Weka alama ya kalamu kwenye chupa kila jioni pale dawa ilipofika. Alama ikishuka kuliko karatasi inavyosema, uliza siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

Siku ya kliniki, foleni na msongamano wa Jogoo Road vitakula dozi mbili. Beba chupa yenye lebo yake, sirinji, kadi ya mgonjwa na nakala ya maagizo ya daktari, vyote kwenye mfuko mmoja. Ukisimamishwa njiani, lebo na kadi ndizo jibu lako. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda haina jibu. Mgonjwa asiendeshe gari siku zinazofuata kuanza au kupandishwa dozi, na kwenye bodaboda asikae nyuma peke yake akiwa anasinzia.

Kama hujui pa kuanzia, ulizia kitengo cha tiba shufaa katika Hospitali ya Kenyatta au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, au Nairobi Hospice, iliyoanza 1990. Chukua namba ya simu ya muuguzi na uulize inapokewa hadi saa ngapi.

Mgonjwa akibadilishiwa dawa, au akifariki, pima kilichobaki, kiandike, ukirudishe kwenye famasi iliyokitoa na uombe wakutilie sahihi. Usikimwage kwenye sinki, na jirani mwenye maumivu usimgawie hata akikuomba kwa machozi. Mwelekeze kliniki, kwa sababu hujui figo zake zikoje wala anakunywa nini kingine.